JOSEPH THOMSON, MWENDA POLE WA LONGONOT

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, walimu wetu wapendwa, na wewe msomaji ambaye pengine umelifungua gazeti hili kutafuta mashairi na vitendawili tu, hebu tulia kidogo. Nataka kukusimulia maisha ya mtu aliyeufuata msemo huo kuliko wasafiri wengi wa zama zake. Alienda pole kweli, na bado safari zake zikatuletea mambo ambayo sisi wa Ntimaru tunaishi nayo hadi leo.

Mtu huyo ni Joseph Thomson. Katika somo la Historia tunamtaja upesi upesi kwenye orodha ya wapelelezi, baada ya Krapf na Rebmann, kisha kengele inalia na mambo yanaishia hapo. Lakini jina lake limeingia hata katika lugha yetu. Yule swala mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, anayetimua mbio kule Maasai Mara, kwa Kiswahili anaitwa swala tomi. Huyo Tomi ni Thomson. Nayo maporomoko ya Nyahururu, yenye kimo cha mita 74 hivi, yaliitwa Thomson's Falls, na mji wenyewe ukaitwa hivyo kwa miaka mingi.

Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont huko Uskoti. Baba yake alikuwa mwashi, baadaye akamiliki machimbo ya mawe. Mtoto huyo alikulia kwenye vumbi la mawe, akayapenda mawe yenyewe. Aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh akasoma jiolojia, yaani elimu ya miamba na ardhi. Hakuwa mwana wa tajiri mkubwa wala mjukuu wa mfalme. Wenzangu mnaoamka alfajiri na kutembea kilomita kadhaa kuja shuleni, mkisema eti mambo makubwa ni ya watoto wa shule kubwa za bweni, kumbukeni hapo.

Mwaka 1878 Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilikuwa likiandaa msafara wa kwenda Afrika Mashariki chini ya Keith Johnston. Thomson aliomba nafasi akakubaliwa. Walifika Unguja mwanzoni mwa 1879, wakakaa hapo miezi kadhaa wakijifunza Kiswahili. Naam, Kiswahili! Leo wapo kati yetu waliozaliwa wakikisikia na bado wanakidharau, ilhali kijana wa Uskoti alijua kwamba bila lugha hii hawezi kusonga hatua.

Mwezi wa Mei 1879 msafara uliondoka Dar es Salaam ukielekea bara. Haukuwa umefika mbali. Tarehe 28 Juni, mahali paitwapo Behobeho karibu na mto Rufiji, Johnston alifariki kwa ugonjwa wa kuhara damu. Thomson akabaki pekee yake kama kiongozi. Alikuwa na umri wa miaka 21. Mimi nina 16, kwa hiyo nikijumlisha miaka mitano tu natakiwa niwe mtu wa kuamua kama watu 150 waende mbele au warudi nyumbani. Nikifikiri hivyo tumbo linanizunguka.

Alikata shauri kuendelea. Akafika Ziwa Nyasa, akafika Ziwa Tanganyika, na mwaka 1880 akarudi pwani na karibu watu wake wote wakiwa hai, jambo lililokuwa nadra sana siku hizo. Aliupenda msemo wa Waitalia wenye maana sawa na methali yetu, kwamba aendaye pole huenda salama, na aendaye salama hufika mbali. Alisifika kwa kupita nchi za watu bila kupigana nao. Panapotakiwa hongo alilipa, hata kama roho ilimuuma. Msomaji, usishtuke ukadhani namsifu mla rushwa. Zamani za misafara, hongo ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu, ukilipwa kwa shanga, nguo na nyaya za shaba. Neno lilibadilika maana baadaye.

Lakini je, hayo yote aliyafanya Thomson peke yake? Wapi! Mkuu wa wapagazi katika safari hiyo alikuwa James Chuma, Myao, yule yule ambaye pamoja na Susi na wenzao walibeba maiti ya David Livingstone kutoka katikati ya Afrika hadi pwani. Chuma ndiye aliyejua namna ya kuongea na machifu, namna ya kupanga mizigo, na namna ya kutuliza wapagazi wakitaka kutoroka. Johnston alipokufa, kijana wa miaka 21 alikuwa na mwalimu karibu naye, na mwalimu huyo alikuwa Mwafrika. Chuma alifariki mwaka 1882, kabla ya safari ile kubwa ninayotaka kuwapeleka sasa.

Kabla ya hapo, mwaka 1881, Sultani Barghash wa Zanzibar alimwajiri Thomson aende mto Ruvuma kutafuta makaa ya mawe. Sultani alitumaini utajiri. Thomson alikwenda, akayatazama mawe, akarudi na kusema kweli kwamba hayo hayakuwa makaa ya maana. Sultani hakufurahi hata kidogo. Angeweza kudanganya akapendwa, lakini hakudanganya.

Sasa tufike mwaka 1883. Shirika la Jiografia lilimtuma atafute njia kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria kupitia nchi ya Wamaasai, njia ambayo Wazungu waliiogopa. Aliondoka pwani mwezi wa Machi na watu zaidi ya 100. Kati ya viongozi wa msafara alikuwepo Makatubu, aliyekuwa naye pia katika safari ya kwanza, na baharia kutoka Malta aliyeitwa James Martin.

Alipofika Kilimanjaro, yule mwenda pole alishikwa na haraka. Alitaka kuupanda mlima ule kwa siku moja! Alipanda akafika kama mita 2,700, muda ukamwishia, akateremka. Mlima una mita 5,895, kwa hiyo hata nusu hakufika. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, hawakufanya hivyo kwa siku moja. Mlima hauchekewi.

Baada ya hapo aliingia Umaasai akakuta moto. Mjerumani mmoja, Gustav Fischer, alikuwa amepita mbele yake na kugombana na Wamaasai, nao walikuwa wamekasirika. Thomson angeweza kujifanya shujaa, akafyatua bunduki. Badala yake alirudi Taveta usiku, kisha akaenda tena hadi Mombasa kuongeza watu na bidhaa. Kuna watakaosema alikuwa mwoga. Mimi nasema kurudi nyuma kwa aliyetumia akili ni hatua ya mbele. Mwezi wa Julai aliondoka tena, safari hii akiandamana na msafara wa Juma Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua njia za Umaasai kwa miaka mingi. Ninyi mnaosoma kwamba Thomson alifungua njia, ulizeni kwanza ni nani aliyekuwa akiipita njia hiyo kila mwaka kununua pembe.

Walipita Ngong, wakateremka Bonde la Ufa, wakapiga kambi chini ya Longonot. Hapo Thomson aliamua kuupanda mlima. Alipofika juu alikuta ukingo mwembamba sana hata akakaa kama mtu aliyepanda farasi, mguu mmoja huku na mguu mwingine kule, na mbele yake shimo kubwa la mviringo lenye kuta zilizosimama wima. Baadaye aliandika kwamba alivutwa na kina kile mpaka akasikia hamu ya ajabu ya kujirusha ndani. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nilicheka. Nilimwambia mwenzangu wa dawati kuwa Mzungu huyu alikuwa amechoshwa na jua.

Sicheki tena, maana mwaka jana chama chetu pamoja na Chama cha Jiografia tuliupanda mlima huo huo. Tuliondoka Ntimaru alfajiri kwa basi la kukodi, tukapita Kehancha, Migori, Kisii, Sotik, Bomet na Narok, tukalala katika shule iliyotupokea kwa ukarimu. Kesho yake saa moja asubuhi tulikuwa langoni. Longonot imekuwa mbuga ya taifa tangu mwaka 1983, chini ya askari wa wanyamapori. Jina lake limetokana na Kimaasai, Oloonong'ot, maana yake ikiwa mlima wa migongo mingi, na ukiutazama kwa mbali unaona kweli umejikunjakunja kama kitambaa.

Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni kilomita tatu na kitu. Tulipoambiwa hivyo tulijigamba. Sisi ni wanafunzi wa kutwa, kilomita tatu ni mchezo, si tunazitembea kila siku na vitabu mgongoni? Looo! Njia ya kwenda shuleni haijasimama kama ukuta, na vumbi la kwetu halitelezi kama yale majivu ya volkano. Ukipanda hatua mbili unarudi moja. Waliotangulia mbio wakiimba tuliwakuta njiani wamekaa chini ya kichaka, wamenyamaza kimya kama waliofiwa. Mwalimu wetu wa Jiografia, ambaye umri umeanza kumpiga hodi, alitupita taratibu na fimbo yake bila hata kuhema sana.

Kidato cha kwanza mmoja kiatu kilifunguka soli. Alitaka kulia, akasema atabaki hapo hadi tuteremke. Kijana wa kidato cha nne alimvulia malapa aliyoyabeba mkobani, mwingine akachukua begi lake, msichana mmoja akampa maji, na mimi nikambebea sweta na chakula. Hakuna aliyeagizwa. Basi tukamfikisha juu. Baadaye kwenye picha ya pamoja ni yeye aliyesimama mbele kabisa ameinua mikono, na waliombebea mizigo wako nyuma, nyuso hazionekani vizuri. Tulimcheka sana kwa hilo, lakini picha hiyo ilinifanya niwaze.

Tulipofika ukingoni nilitazama chini. Msitu mzima umeota ndani ya shimo, miti inaonekana midogo kama mboga bustanini. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka nyuma. Magoti yalilegea, na hapo ndipo nikasikia kile alichokisikia Thomson, kama vile shimo linaniita kwa jina. Nilirudi nyuma nikashika kichaka. Ukingo wote una mzunguko wa kilomita saba hivi, na mahali pa juu kabisa panaitwa Kilele Ngamia, mita 2,776 kutoka usawa wa bahari. Tulifika huko saa sita kasoro. Upande mmoja tuliona Ziwa Naivasha likimetameta. Thomson aliliona ziwa hilo hilo, na huko ndiko alikoelekea kutoka hapo.

Kutoka Naivasha alichukua watu wachache akapita Laikipia. Milima aliyoikuta njiani aliipa jina la Aberdare, kwa heshima ya rais wa lile shirika lililomtuma, ingawa Wakikuyu walikuwa na jina lao, Nyandarua. Aliuona Mlima Kenya. Huko Laikipia maisha yalikuwa magumu, na ili aachwe apite, alijifanya mganga. Alitia maji kwenye chumvi ya Eno, hiyo hiyo inayouzwa madukani hadi leo kwa wenye kiungulia, povu likafura watu wakashangaa. Alikuwa pia na meno mawili ya bandia, akiyatoa na kuyarudisha mbele ya watu. Tunaweza kucheka, lakini tukumbuke kwamba huo ulikuwa udanganyifu.

Alipita Baringo, akafika kwa Mumia, mfalme wa Wawanga, na tarehe 10 Desemba 1883 akasimama kwenye ufuo wa Ziwa Victoria. Akarudi kupitia Mlima Elgon, akaona mapango ambamo watu waliishi pamoja na mifugo yao. Halafu tarehe 31 Desemba, wakati anadhani mwaka umeisha salama, nyati aliyekuwa amempiga risasi aliinuka ghafla akamrusha juu na kumjeruhi paja. Kabla hajapona vizuri akashikwa na kuhara damu, ugonjwa ule ule uliomuua Johnston. Kwa wiki nyingi hakuweza hata kukaa. Kijana wa kutembea maelfu ya kilomita sasa alilala kwenye machela, na mabega ya wapagazi ndiyo yaliyomrudisha. Alifika pwani katikati ya mwaka 1884.

Mwaka 1885 alichapisha kitabu chake kiitwacho Through Masai Land, na Shirika la Jiografia likampa nishani ya dhahabu. Alikuwa na miaka 27. Hakupumzika. Mwaka huo huo alikwenda Sokoto, katika Nijeria ya leo, kutafuta mikataba kwa kampuni ya Waingereza. Mwaka 1888 alipanda milima ya Atlas huko Moroko. Mwaka 1890 kampuni ya Cecil Rhodes ilimtuma kutafuta mikataba upande wa Katanga, lakini ndui iliingia katika msafara wake na hakufika. Mwili wake ulikuwa umechakaa. Aliaga dunia London tarehe 2 Agosti 1895 akiwa na umri wa miaka 37 tu, akazikwa Thornhill, karibu na kijiji alichozaliwa.

Katika mjadala wetu wa chama muhula uliopita, upande mmoja ulisema mtu kama huyu hafai kuandikwa katika gazeti letu, kwa sababu wakoloni walifuata nyayo zake. Upande wa pili ulisema aachwe, alikuwa mpole na hakumwaga damu. Nilikuwa katika upande wa pili na tulishinda kwa kura tatu. Lakini nikienda kumtembelea shangazi yangu aliyeolewa upande wa Tarime, huwa ninauvuka ushindi huo kwa miguu.

Maana ni hivi. Mwaka 1886, mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha Thomson kutoka, Waingereza na Wajerumani waligawana Afrika Mashariki. Walichora mstari kutoka pwani, wakauzungusha Kilimanjaro, kisha wakaunyosha kwa rula hadi Ziwa Victoria. Mstari huo ulipita katikati ya Wakuria. Ndugu wa ukoo mmoja wakaamka wengine Wakenya, wengine Watanzania. Thomson hakuuchora yeye, na hapa Ntimaru hakukanyaga. Ila alionyesha kwamba njia fupi ya kwenda ziwani inapitika. Mwaka 1896 wakaanza kujenga reli, na mwaka 1901 ikafika ziwani. Mwaka 1904 Wamaasai wakaondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa, yale yale tuliyoyatazama kutoka Kilele Ngamia. Yeye alikwenda pole, lakini waliomfuata hawakwenda pole.

Kwa hiyo mimi sasa siko upande wowote wa mjadala ule. Nampa heshima kwa yaliyo yake: alijifunza lugha ya watu, alirudi nyuma badala ya kuua, alimwambia Sultani ukweli. Simpi heshima kwa yasiyo yake. Njia ilikuwa ya akina Juma Kimameta. Maarifa ya safari yalikuwa ya akina Chuma na Makatubu. Na zile wiki za machela zilikuwa za watu ambao majina yao hatuna, waliosimama nyuma ya picha.

Pendekezo langu kwa chama ni dogo. Mtihani ukituuliza habari za Thomson tuandike kama tulivyofundishwa, alama tusizipoteze. Lakini katika mashairi na michezo yetu ya kuigiza ya mwaka ujao, Chuma na Juma Kimameta wapewe nafasi ya kusema, kwa sababu lugha waliyokuwa wakiitumia njiani ni hii hii tunayoienzi. Na wewe ukimwona swala tomi, mwangalie vizuri, umkumbuke Thomson, kisha ujiulize waliombeba walikuwa akina nani.

Kalamu yangu naitua hapa. Mungu akipenda tuonane katika toleo lijalo.